Mwanzi kuanzia kitaluni hadi paani: mwongozo kamili wa kuupanda, kuuvuna na kuutumia

Anayeanza kuvutiwa na mwanzi huuliza kwanza unakua kwa kasi gani. Mimi ningependa aanze na swali jingine: nani atauvuna, lini, na utafanywa nini baada ya kukatwa? Kichaka kilichopandwa kikatelekezwa hujisonga chenyewe. Mianzi mizee huozea katikati, machipukizi hukosa pa kutokea, na baada ya miaka kumi na kitu una pori ambalo hata mbuzi hapenyi. Kichaka kilekile kikivunwa kwa kufuata umri hutoa miti kila mwaka bila kupandwa upya, hushika udongo wakati wote, na kaboni yake hukaa juu ya paa la mtu badala ya kurudi hewani. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye panga na dawa ya kuhifadhi kuliko kwenye sifa za mmea.

Uujue mmea kabla ya kushika jembe

Mwanzi ni nyasi, ndugu wa mahindi, mpunga na muwa. Aina zake zimepita 1,600. Ukishika muwa mkononi umeshajifunza nusu ya maumbile yake: kuna vifundo, na kati ya kifundo na kifundo kuna pingili. Tofauti kubwa ni kwamba pingili za mianzi mingi ni tupu ndani, na kila kifundo kina kiwambo kigumu kinachoifunga pingili kama kifuniko. Chini ya ardhi kuna shina jingine lililolala, lenye macho. Huko ndiko akiba ya chakula inakowekwa na ndiko machipukizi yanakotoka.

Chipukizi linapotoboa ardhi, tayari lina unene litakaokuwa nao maisha yake yote. Halinenepi tena. Linarefuka tu, pingili ikichomoka ndani ya pingili kama antena ya redio inavyovutwa, na kwa miezi 2 hadi 4 limemaliza urefu wake. Zipo aina kubwa zilizopimwa zikirefuka sentimita 91 kwa siku moja. Lakini mwanzi wa miezi 4 ni mrefu tu, haujakomaa. Kuta zake bado zimejaa maji, na ukiukausha husinyaa na kujipinda. Ugumu unakuja polepole, na kwa aina nyingi unahitaji miaka 3 hadi 5. Baada ya hapo mwanzi huendelea kuishi hadi miaka kama 10 hivi, kisha hukauka ukiwa wima na kuanza kuoza.

Shika jambo hili: chipukizi halijilishi. Halina majani ya kutosha wakati linapokimbilia juu, na chakula chote linakipata kwa mianzi mikubwa iliyo pembeni, kupitia mashina ya ardhini. Ndiyo sababu mtu akifyeka kichaka chote ili auze mara moja, msimu unaofuata hutoka vijiti vyembamba kama fimbo za kuchungia. Kichaka hakijafa, ila kina njaa, na kitachukua miaka kadhaa kurudi unene wa zamani.

Faida kwa mazingira, na maneno ya kupunguza

Faida ninayoiamini kwa macho yangu ni ya udongo. Mizizi ya mwanzi haiendi chini sana. Sehemu kubwa iko kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, lakini imesukana kama mkeka. Mahali ambapo maji ya mvua yanakula ukingo wa mto au yamechimba korongo, mkeka huo hushika udongo ambao mti wenye mzizi mmoja wa kwenda chini hauushiki. Juu yake majani huanguka mwaka mzima na kutandaza blanketi linalopunguza nguvu ya matone. Fukua majani hayo kwa mkono wakati wa kiangazi utakuta udongo mweusi, una unyevu, na minyoo imo. Hata hivyo, kwenye mteremko mkali sana ambao udongo mzima unateleza kutoka chini kabisa, mizizi ya juujuu haitoshi. Changanya mwanzi na miti yenye mizizi mirefu.

Kwenye kaboni inabidi tuseme kwa uangalifu. Karibu nusu ya uzito wa mwanzi mkavu ni kaboni iliyotoka hewani. Kichaka kinapokua kutoka mche hadi utu uzima hukusanya nyingi na kwa haraka. Kikishajaa, mianzi inayozaliwa hulingana na inayokufa, na hesabu husimama. Kinachoisukuma mbele ni kuvuna: unauondoa mwanzi wa miaka 4 au 5 kabla haujaoza, unaufanya boriti, ukuta au meza itakayodumu miaka 20, na nafasi yake inachukuliwa na chipukizi jipya. Ukiufanya kitu kinachooza baada ya miaka miwili, umepata kidogo sana.

Kuna faida ya tatu isiyosemwa sana, nayo ni kupunguziwa mzigo kwa misitu. Mti wa mbao unaokatwa unasubiriwa miaka 20 na zaidi, na ukikatwa kisiki chake mara nyingi hakirudi kama ulivyokuwa. Fito za kuvunwa kila mwaka nyuma ya nyumba, pamoja na mkaa wa mabaki, huokoa safari nyingi za kwenda msituni na shoka.

Sasa ya kupunguza. Utasikia kwamba mwanzi hutoa oksijeni asilimia 35 zaidi ya miti. Namba hiyo inanakiliwa kutoka mkono hadi mkono bila kipimo nyuma yake, kwa hiyo usiitumie kumshawishi mtu. Utasikia pia kwamba mwanzi "unaleta maji". Mwanzi hunywa maji mengi, hasa ukiwa mchanga na msimu wa machipukizi. Usiupande juu ya chemchemi ndogo inayotegemewa na watu. Uweke pembeni, kwenye kingo na njia za maji ya mvua, ambako kazi yake ni kuchuja tope na kupunguza mwendo wa mkondo. Tena usifyeke msitu wa asili ili upande mwanzi. Mahali pake ni ardhi iliyochoka, makorongo, mipaka ya shamba na kingo.

Hatua ya 1: Chagua aina, na kwanza kabisa tabia yake ya ardhini

Mianzi imegawanyika makundi mawili yanayomhusu mkulima moja kwa moja. Ipo ya kichaka, ambayo kila chipukizi hutoka karibu na mama yake na kichaka hupanuka taratibu. Na ipo ya kutambaa, ambayo shina lake la ardhini husafiri mita kadhaa kabla ya kutoa chipukizi. Huko Japani, watu walipopunguza kuvuna mashamba ya mianzi ya kutambaa, mianzi hiyo iliingia kwenye misitu ya jirani na kuifunika. Mmea ni uleule, mvunaji ndiye aliyeondoka.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Niliuziwa miche 30 nikaambiwa ni ya kichaka. Mwaka wa tatu, chipukizi lilitokea hatua nane kutoka kwenye shimo la karibu, upande wa pili wa njia. Nilitumia wiki mbili kuchimba mtaro wa kuzuia. Tangu hapo sinunui mche kabla ya kuomba kuona mmoja uking'olewa. Ukiona shina la ardhini ni nene, fupi, limejipinda na kuinuka palepale, hiyo ni ya kichaka. Ukiona kitu kama kamba ndefu nyembamba yenye vifundo, imelala mlalo na vijizizi kila kifundo, hiyo ni ya kutambaa. Kama huna eneo kubwa na kizuizi cha kudumu chenye kina cha sentimita 60 hadi 75, achana nayo.

Baada ya tabia ndipo uangalie hali ya hewa na kazi unayoitaka. *Dendrocalamus asper* hupenda joto na mvua, hufika mita 20 na zaidi, hufaa kwa nguzo, na machipukizi yake huliwa. *Bambusa vulgaris*, ule wa kijani na ule wa njano wenye michirizi, ndio rahisi kuliko yote kuotesha kwa vipande. Kasoro yake ni wanga mwingi, kwa hiyo bungua, mdudu atoboaye mianzi, huupenda sana na usipoutibu haudumu. *Oxytenanthera abyssinica* huvumilia ukame wa nyanda, na mianzi yake mara nyingi imejaa ndani au ina uwazi mdogo. Ni mizuri kwa mipini, fito na fanicha. Kwenye milima yenye baridi, kuanzia mita 2,200 hivi na kuendelea, *Oldeania alpina* ndio wenyeji wa Afrika. *Guadua angustifolia* wa Amerika ya Kusini una sifa kubwa ya ujenzi, lakini una miiba, ujipange kuupogoa. *Phyllostachys edulis* ndio unaolishia viwanda vingi vya China, nao ni wa kutambaa.

Hatua ya 2: Pata miche

Njia ya uhakika ni kuchimba kipande cha shina la ardhini pamoja na mwanzi wake wa umri wa mwaka 1 hadi 2. Chagua ulio pembeni mwa kichaka, ukate kwa juu ubaki mita moja hadi moja na nusu, na uangalie kuwa macho ya chini hayajajeruhiwa. Huota vizuri lakini ni kazi nzito, na kichaka hakiwezi kukupa vingi bila kudhoofika.

Kwa miche mingi, tumia vipande vya mwanzi wenyewe. Kata mwanzi wa miaka 1 hadi 3, ugawe vipande vya vifundo viwili viwili, ukihakikisha kila kifundo kina jicho zima au kitawi. Toboa tundu dogo katikati ya pingili, jaza maji, kisha lizibe kwa udongo wa mfinyanzi au kitambaa. Laza kipande kitaluni, tundu likiangalia juu, funika kwa udongo sentimita 5 hadi 8, weka kivuli na umwagilie kila siku.

Hapa ndipo wengi hupoteza miche. Baada ya wiki chache majani mabichi hutokea na mtu hufurahi, akahamishia shambani. Majani hayo yametoka kwa akiba iliyokuwa kwenye kipande, mizizi bado. Subiri angalau miezi 3, kisha vuta kitawi kidogo kwa vidole viwili. Kikisogea kama kimekaa kwenye uji, kirudishie udongo na kiendelee kukaa. Kikikataa kusogea, kimeshika.

Si kila aina hukubali vipande. Zenye kuta nene na matawi makubwa hukubali zaidi. Za kutambaa hupandwa kwa mashina ya ardhini au mbegu.

Hatua ya 3: Kupanda, na miaka mitatu ya kusubiri

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60 kabla ya mvua, rudishia udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, debe moja kwa shimo linatosha. Kwa mianzi mikubwa ya kichaka, nafasi ya mita 5 kwa 5 inakupa mashimo 400 kwa hekta. Mita 7 kwa 7 inakupa kama 200, nami naiona bora kama unataka kupita na mwanzi wa mita 15 mkononi bila kupigana na kichaka cha jirani. Ukipanda kwa ajili ya kushika ukingo wa mto, punguza hadi mita 3 au 4. Usipande mahali maji yanatuama, wala karibu na msingi wa nyumba au bomba.

Panda mvua zikishika. Mwaka wa kwanza palilia duara pana kuzunguka mche, weka matandazo, na kiangazi mpe kila mche lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki. Mifugo izuiwe, maana mbuzi mmoja akila ncha ya chipukizi, chipukizi hilo limekwisha. Halitoi ncha nyingine.

Mwaka wa kwanza utaona vijiti vya unene wa kalamu. Usikate tamaa wala usivikate. Kila msimu machipukizi mapya hutoka manene kuliko ya msimu uliopita, kwa kuwa akiba ya ardhini imeongezeka. Mwaka wa 3 ondoa vilivyovunjika na vilivyokufa tu. Mavuno ya maana huanza mwaka wa 4 au 5, na kichaka hufika unene wake kamili kati ya mwaka wa 6 na 8.

Majani yanayodondoka yaache palepale. Mwanzi hutumia silika nyingi, madini yaliyomo kwenye mchanga, kujenga ugumu wake, na majani ndiyo yanayoirudisha ardhini. Anayefagia shamba la mianzi likawa safi kama uwanja anaiba chakula cha mwaka ujao.

Hatua ya 4: Kuvuna kwa umri

Kama ungesoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningekuomba iwe hii.

Kila mwaka, machipukizi yakishamaliza kurefuka, pita na rangi na brashi, andika mwaka kwenye kila mwanzi mpya, kwa urefu wa kifua. Ni kazi ya asubuhi moja kwa vichaka vingi. Mwaka wa 4 hutakisia, utasoma.

Kama umerithi kichaka kisicho na alama, tumia macho na sikio. Mwanzi wa mwaka wa kwanza bado una magamba kwenye vifundo, rangi yake imekolea, na umepakwa ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole. Wa mwaka wa pili magamba yameanguka na matawi yamekaa sawa. Kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 5 ngozi hupoteza ule mng'ao, na madoadoa ya kijivu au meupe ya kuvu huanza kuonekana. Uliopita hapo hufunikwa na ukoga na kugeuka manjano hafifu. Ugonge kwa mgongo wa panga: mchanga hutoa sauti ya kudoda, kama kugonga kitu chenye maji, uliokomaa hulia kavu na mkali, na mtikisiko wake unausikia kwenye kiganja.

Vuna kiangazi, baada ya machipukizi kukomaa na kabla ya msimu mwingine. Wakati huo unyevu na wanga vimepungua, na hutavunja machipukizi kwa miguu. Kila mwaka toa theluthi moja tu ya kichaka, yaani ile ya miaka 4 na kuendelea, na acha yote ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mianzi inayobaki iwe imetawanyika sawasawa, isije upande mmoja ukaachwa wazi kwa upepo.

Tatizo ni kwamba mizee huwa katikati, imezungukwa na michanga. Fungua mlango. Chagua upande mmoja wa kichaka, toa mianzi michache hadi kichaka kichukue umbo la kwato ya farasi, kisha ingia kwa mlango huo kila mwaka.

Kata kwa msumeno, juu kidogo ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe. Mvua itakijaza, mbu watazaliana humo, na uozo utashuka hadi shina la ardhini. Kata karibu kabisa na kifundo ili kiwambo chake kiwe kifuniko.

Hatua ya 5: Kuhifadhi, kazi inayoamua kila kitu

Mwanzi hauna sumu ya asili ya kujikinga kama baadhi ya mbao ngumu. Usiotibiwa, ukigusa udongo na kunyeshewa, hudumu mwaka 1 hadi 3. Chini ya paa, bila kugusa ardhi, unaweza kufika miaka 4 hadi 7. Uliotibiwa na kukingwa vizuri hupita miaka 15, na zipo nyumba zilizodumu zaidi ya hapo.

Adui wa kwanza ni bungua, mdudu mdogo kama punje ya mtama anayefuata wanga. Dalili yake ni rahisi: asubuhi unakuta chini ya kiti kilima kidogo cha unga wa njano, laini kama poda, na ukiinama unaona vitundu vya saizi ya kichwa cha pini. Unga huo ukishaonekana, tayari wapo ndani.

Njia isiyo na dawa ni kuloweka kwenye maji, bora yanayotembea, kwa wiki 4 hadi 12. Mianzi izamishwe kabisa kwa mawe. Wanga na sukari huchachuka na kutoka. Harufu yake si ya kupendeza, na kinga haikamiliki, lakini ni bora mara nyingi kuliko kutofanya chochote.

Njia ninayoishauri ni boraksi na asidi ya boriki. Kwa lita 100 za maji, weka kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki, koroga kwenye maji ya moto kwanza ili ziyeyuke. Mianzi iwe mibichi, imekatwa ndani ya siku chache. Chukua nondo ndefu iliyonolewa ncha, pitisha ndani ya mwanzi na utoboe viwambo vyote, ili dawa iingie kila pingili; ukuta wa nje una ngozi ngumu isiyopitisha kitu. Zamisha siku 10 hadi 14, na kwa mianzi iliyopasuliwa siku 5 hadi 7. Dawa inayobaki itumie tena kwa kuiongezea nguvu. Usiimwage mtoni wala shambani, maana boroni, madini yaliyomo ndani yake, ikizidi huunguza mimea. Vaa glavu, funika pipa, weka mbali na watoto na mifugo. Na vyombo vya chakula usivitibu kwa dawa hii hata kidogo. Hivyo vichemshe tu na kuvikausha vizuri.

Dawa hii huyeyuka kwa mvua, kwa hiyo ni ya vitu vya chini ya paa. Zipo dawa za zamani zenye arseniki zinazostahimili udongo. Mimi siziweki nyumbani mwa mtu. Ukiuchoma mwanzi wa namna hiyo baadaye, moshi na majivu yake ni sumu.

Kisha kausha kivulini, mianzi imesimamishwa wima au kulazwa juu ya vichanja, upepo ukipita, wiki 6 hadi 12. Juani hukauka haraka na kupasuka kwa sauti, na ufa huo hauzibiki.

Hatua ya 6: Kutumia

*Kujenga.* Kanuni ya mafundi wa mwanzi duniani kote ni kuuvisha viatu na kofia. Viatu ni msingi wa mawe au zege unaoinuka angalau sentimita 30 hadi 50 juu ya ardhi, nguzo isiguse udongo. Kofia ni paa lenye upenu mpana, kwa vile jua na mvua ya kupiga ubavuni huua ukuta kuliko uzito. Pamoja na hayo, jua kwamba nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi zinazokwenda urefu wake. Kuukata kwa kuuvuta ni vigumu sana. Kuupasua ni rahisi. Msumari unaupasua. Toboa kwa keekee, tumia bolti, na kila kiungo kikae karibu na kifundo. Pale bolti inapobana sana, jaza pingili hiyo kwa saruji na mchanga ili isibonyee. Mahali mwanzi mmoja unapokutana na mwingine, chonga ncha yake kwa mviringo ikumbatie mwenzake.

Kuta zilizosukwa kwa fito na kukandikwa kwa udongo au lipu ya chokaa zina uzito mdogo na hunesa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1991 nchini Kostarika lilikuta nyumba za mwanzi zipatazo 20 karibu na kitovu chake, zikabaki salama. Kwa jengo la ghorofa au la watu wengi, tafuta mhandisi. Kuna kiwango cha kimataifa cha usanifu wa mwanzi, ISO 22156, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2021.

*Kusuka na vitu vya kila siku.* Hapa unataka mianzi ya mwaka 1 hadi 2, ambayo bado inakubali kupindwa. Ndiyo ruhusa pekee ya kukata mchanga, na kwa kiasi. Pasua kwa kisu kinachoanzia ncha nyembamba, gawa nusu kwa nusu kila mara ili ufa usikimbilie upande. Ngozi ya nje ndiyo imara na hubeba mzigo wa tenga au dema. Ya ndani ni ya kujazia. Uzio, ngazi, vichanja, vihimili vya nyanya na maharage hutoka kwenye ncha na vipande ambavyo fundi wa nyumba amevikataa.

*Kula.* Machipukizi ya aina zinazoliwa huchimbwa yakiwa na urefu wa sentimita 20 au 30. Mabichi yana sumu ya sayanidi, kwa hiyo hayaliwi hivyo. Menya, kata vipande vyembamba, chemsha bila kufunika kwa angalau nusu saa, mwaga maji, na kama uchungu umebaki chemsha tena.

*Mkaa.* Mabaki yote hufaa. Lakini pasua au toboa kila pingili kabla ya moto. Pingili iliyofungwa hubana mvuke, na hulipuka kwa kishindo na kurusha vipande vya moto.

*Unaponunua cha dukani.* Nguo laini "za mwanzi" nyingi ni rayoni: mwanzi umeyeyushwa kwa kemikali, mojawapo ikiwa kaboni disulfidi inayodhuru mfumo wa fahamu wa wafanyakazi, kisha ukavutwa kuwa uzi. Marekani, mwaka 2022, wauzaji wawili wakubwa walikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza rayoni wakiipa jina la mwanzi. Vikombe na sahani vinavyong'aa mara nyingi ni plastiki ya melamini iliyochanganywa na unga wa mwanzi. Umoja wa Ulaya hauruhusu mchanganyiko huo kwa vyombo vya chakula, kwa sababu vikiwekewa cha moto melamini na formaldehaidi huweza kuhamia kwenye chakula. Kijiko kilichochongwa, ambacho nyuzi zake unaziona kwa macho, hicho ndicho mwanzi.

Siku kichaka kitakapotoa maua

Aina nyingi huchanua mara moja tu baada ya miongo mingi; *Phyllostachys bambusoides* huchukua kama miaka 120. Mara nyingi mianzi ya ukoo mmoja huchanua pamoja, hata ikiwa imepandwa mbali na mwenzake, kisha hufa yote. Katika jimbo la Mizoram nchini India, *Melocanna baccifera* huchanua kila baada ya miaka 48 hivi, panya huongezeka kwa kula mbegu, halafu huvamia mazao. Mwaka 1959 njaa ilifuata.

Ukiona majani yanapungua na ncha za matawi zinajaa vishada mfano wa mpunga, simamisha mbolea, haitakiokoa kichaka. Anza kuvuna mianzi iliyokomaa ingali na nguvu, na uitibu. Tandaza turubai chini, kusanya mbegu kila siku kabla panya hawajafika, na uzisie mapema, kwa kuwa uhai wake ni wa miezi michache tu. Zifunike kwa udongo sentimita moja, kivulini. Zitaota jani moja moja jembamba, kijani kibichi, halina tofauti na magugu yanayoota kitaluni. Zungushia kamba eneo lote na umwonye anayepalilia kabla hajaingia na jembe.